Gari Lisilo na Ndugu Barabarani

Nyumba za Wauguzi
3 Machi

Kaka,

Shikamoo. Nimeanza na shikamoo ili usije ukasema sina adabu, maana kinachofuata hakina adabu sana. Simu yako umeigeuza pambo. Napiga, inaita mpaka inachoka, halafu kesho yake mke wako ananitumia ujumbe kwamba ulikuwa kazini. Sawa. Barua haina kitufe cha kukatia. Utaisoma mpaka mwisho.

Nataka kununua gari la zamani.

Liko uani kwa Mfamasia, yule mwenye duka la dawa mkabala na lango la hospitali. Lilikuwa la marehemu baba yake. Rangi yake ni kijani ya chupa, boneti ndefu, taa mbili za mviringo kama mtu aliyeshtushwa, na usukani mwembamba kama bangili. Puani lina nembo ya ndege aliyekunja bawa moja. Jina lake siwezi kulitamka, limejaa herufi zenye vitone juu. Nimewauliza madereva wote wa ambulensi, hakuna hata mmoja aliyewahi kuliona jingine kama hilo.

Usiniulize nalitaka la nini. Mwisho wa Juni nastaafu. Maisha yangu yote kila nilichonunua kilikuwa na sababu. Mabati kwa sababu ya mvua, viatu kwa sababu ya zamu, jeneza kwa sababu ya mume wangu. Hiki nakitaka tu. Nikilipita pale uani moyo wangu unaruka kama wa msichana, na sijaona aibu kukuandikia hivyo.

Huku wamenicheka wote. Daktari wa wodi yetu aliniambia, "Mama, kwa umri huu si ununue kitu cha maana?" Nikamjibu kwamba kitu cha maana nilishafanya, nilimtoa yeye tumboni mwa mama yake, na sasa naanza kujuta.

Wewe umeishi chini ya magari tangu hujaota ndevu. Sijawahi kuwa na gari, na hili silijui hata ukoo wake. Niambie niangalie nini. Na usicheke.

Mdogo wako,
Mkunga


12 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Usinunue.

Ningeishia hapo, lakini wifi yako anasema karatasi imebaki kubwa mno kuipoteza. Yeye ndiye anayeandika kwa sababu mikono yangu imejaa grisi, na sina muda wa kunawa kwa ajili ya upuuzi.

Gari lenye ndege huyo nalijua. Usiniulize nimelijuaje. Halina ndugu barabarani. Likikufia, spea yake huipati kwa jirani wala kwa adui. Utaagiza kidude kidogo kama kifungo cha shati, kitakuja baada ya miezi, na kitakuwa cha upande usio wako. Mafundi watalifungua kwa udadisi na kulifunga kwa kubahatisha. Na waliolitengeneza walikuwa watu wa nchi isiyo na mvua, au walikuwa wanatuchukia, sijui. Lilivyo juu sivyo lilivyo chini. Ni takataka. (Wifi, hapa ametaja neno la gerejini. Nimeandika "takataka.")

Kama mtu amechoka kuishi, akasimame katikati ya barabara, ni bure. Asinunue lile.

Ukistaafu nunua kiti kizuri, ukae, upumzike. Ukitaka gari lazima, nunua lile ambalo kila mtu analo, hata kama ni baya kama sufuria. Mwambie huyo Mfamasia auze dawa zake.

Mazungumzo yameisha.

Kaka yako,
Bolti


20 Machi

Kaka,

Kiti!

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama koridoni, na nesi mwenzangu akadhani nimeletewa habari ya msiba. Kiti! Mwanamume aliyenibeba mgongoni kuvuka madimbwi ili nisikose shule ananiambia nitafute pa kukaa nisubiri kufa.

Sikukuomba ruhusa. Ruhusa niliacha kuomba siku nyingi. Nimekuomba ushauri, na wewe ukanitumia matusi kwa mwandiko mzuri wa wifi yangu. Na hilo la kuandikiwa silielewi. Tangu lini wewe unaandikiwa? Ulikuwa unaandika maelezo ya magari kwenye pakiti za sigara, kwenye ukuta, kwenye mkono wako mwenyewe. Leo mdogo wako amekuwa wa kuandikiwa na karani?

Jana nilikwenda kwa Mfamasia tena. Amevaa koti lake jeupe, anatabasamu kama mtu anayekupa dawa chungu. "Mama, usihofu, hili gari lina afya kuliko wewe." Nikamwambia afya yangu hajaipima. Akacheka. Akasema kuna mtu mwingine anayelitaka, bwana mmoja wa benki, ila yeye angependa litunzwe na mtu mzima mwenye heshima. Najua ni uongo. Mimi huwaambia wazazi wa mara ya kwanza kwamba karibu tunamaliza, najua sauti ya uongo wa upole inavyokuwa. Lakini hata kwa uongo huo nalitaka.

Kwa hiyo chagua. Niambie cha kuangalia, nikaangalie kwa macho yangu. Au nyamaza, nilinunue kama kipofu, na lawama uibebe wewe.

Mdogo wako asiye na kiti,
Mkunga


29 Machi

Mdogo wangu,

Una kichwa kigumu kama nati iliyoshika kutu. Basi sikiliza. Narudia, nakuambia haya ili ulikatae, si ili ulinunue.

Kabla ya kuligusa gari, tafuta mtu mwenye gari kama hilo, popote alipo, umuulize limemliza wapi. Usipompata hata mmoja, hilo ni jibu tayari. Kamuulize muuza spea, si muuza gari. Muuza gari atasema zipo. Mwambie akuonyeshe.

Nenda asubuhi kabla hajaliwasha. Weka mkono kwenye boneti. Likiwa la moto, kuna kitu anakuficha, maana injini iliyochoka huamka vizuri ikishapashwa. Simama nyuma likiwaka. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Linganisha namba ya kwenye kadi na namba iliyogongwa kwenye chuma, tarakimu kwa tarakimu. Lifungue vioo vyote, lipige breki kwenye barabara tupu ukiwa umelegeza mikono, uone linavuta upande gani.

Rangi usiitazame. Rangi mpya kwenye gari la zamani ni poda kwenye uso wa mgonjwa. Chukua sumaku, pitisha kwenye bodi yote, hasa ule mhimili wa chini ya milango, kwa sababu gari hilo halina chesisi, yaani fremu ya chini, ya kujitegemea, mhimili huo ndio unaobeba kila kitu. Sumaku ikikataa kushika, hapo hakuna chuma, kuna puti, ule udongo wa kuzibia mashimo kabla ya rangi. Chukua bisibisi, gonga kwa mpini. Chuma hulia. Puti haisemi kitu. Inua zulia. Asipokuruhusu kuinua zulia, ondoka, usigeuke nyuma.

Nenda na mtu asiyelipenda. Wewe umeshapenda, macho yako hayana kazi.

Na la mwisho, hili nalisema mara moja. Asiingie mtu chini ya gari hilo likiwa juu ya jeki. Mtu yeyote. Usiniulize kwa nini.

Bolti


14 Aprili

Kaka,

Nimelinunua.

Kaa chini kwanza, kwenye hicho kiti chako.

Nilifika kabla hajafungua duka. Boneti ilikuwa ya moto kama paji la mtoto mwenye homa. Nikamuuliza, "Umeliwasha?"

"Hapana mama, ni jua tu."

Jua lenyewe lilikuwa halijapanda hata ukutani.

Nikatoa sumaku yangu ya mlango wa friji. Madigadi sawa, milango sawa. Chini ya mlango wa kushoto ikateleza, ikaanguka. Nikairudisha, ikaanguka tena. Mfamasia akasema, "Sumaku yako imechoka." Nikamwambia hiyo imeshikilia ratiba za zamu tangu yeye anafanya mitihani. Nikapiga magoti, nikagonga kwa mpini wa bisibisi. Palikuwa kimya, Kaka. Kama ulivyosema.

Nilikuwa naondoka. Naapa nilikuwa naondoka. Nikasema niangalie zulia tu, ili nikuandikie kwamba nimefanya yote. Zulia ni jipya na limegandishwa kwa gundi. Nilipoingiza vidole, yule bwana akanishika kifundo cha mkono. Akanishika! Mkono huu! "Mama, ukilichana umelinunua."

Damu ikanipanda. Nikamwambia, "Basi nimelinunua," nikalivuta, likachanika mpaka nyuma. Chini yake rangi nyeusi, mpya, laini, hakuna tundu hata moja. Nikasimama pale na zulia mkononi mbele ya wateja wake, na sikuweza kurudisha maneno. Kwa hiyo usiseme nimelinunua kwa mapenzi. Nimelinunua kwa hasira, na hasira ni ya ukoo wetu.

Nimeliendesha mwenyewe mpaka nyumbani. Breki zinavuta kushoto. Watu walisimama kunitazama, na nilikuwa na furaha ya ajabu, nikuambie ukweli, mpaka nilipoegesha.

Maana niliona heri nikuambie kwa sauti. Simu yako haikupokelewa, nikapiga ya gereji. Nikamtaka Bolti. Mtu akaniambia, "Bolti? Huyo hayupo hapa tangu mvua za mwaka jana." Nikamuuliza yuko wapi, akakata.

Kwa hiyo grisi ipi, Kaka? Mikono imejaa grisi ya nani? Umefukuzwa? Ulimtukana tajiri wako? Umeanza tena kunywa? Mwaka mzima unanidanganya, unaniagizia sumaku na bisibisi kama fundi mkuu, kumbe umekaa nyumbani unaamuru mke wako aandike. Halafu unaniambia mimi nitafute kiti.

Sihitaji tena ushauri wako. Kipara, fundi bodi wa mtaa wetu, atakuja Jumamosi ijayo alinyanyue tuone chini kuna nini. Ni mtu mpole, ana adabu, na mke wake ana mimba kubwa ninayoiangalia mimi. Simu yangu nimeizima, nimechoka na wanaopiga kunipa pole ya gari. Ukitaka kusema kitu, andika. Kwa mkono wako.

Mkunga


Ijumaa, 19 Aprili
Kwa mkono wa dereva wa basi la jioni

Wifi,

Soma mstari huu kabla ya salamu. Asiingie mtu chini ya gari hilo. Asiingie. Kama Kipara ameshalinyanyua, mtoe.

Barua yako imefika leo mchana. Nimepiga simu yako mpaka vidole vinauma, nimepiga hospitali, wamesema uko chumba cha kujifungulia na watakupa ujumbe, na mimi siwaamini. Dereva huyu nimemshika shati. Ameapa atakukabidhi mkononi.

Sasa nakuambia, na mume wangu akitaka kuniacha aniache. Mvua za mwaka jana lililetwa gerejini gari lenye ndege aliyekunja bawa. Jekundu. Tajiri alikuwa na haraka. Kaka yako alilinyanyua kwa jeki kwenye mhimili wa chini ya mlango, palepale watengenezaji walipoweka alama. Kwa nje palikuwa pazuri, rangi inang'aa. Ndani palikuwa pameoza kama mkate uliolowa. Jeki ikatoboa ikapita. Gari likashuka. Kichwa alikiwahi kukitoa. Mkono wa kulia hakuuwahi.

Haupo, wifi. Kuanzia juu kidogo ya kifundo.

Tajiri alisema fundi mzoefu alipaswa kujua. Hakuja hata hospitali.

Alinikataza kukuambia. Alisema, "Yule ni mtu wa hospitali, atakuja na bandeji na machozi, na akinionea huruma nitakufa kabisa." Simu hapokei kwa sababu anasema utaijua sauti yake. Nikakubali. Sasa mwaka wa pili namfunga vifungo, namkatia nyama, namwandikia barua, na ananifokea mimi kwa makosa ya herufi. Nimemvumilia kwa sababu nampenda. Lakini leo nimesoma kwamba unamdhania ulevi, na nimesoma kwamba fundi mwingine analala chini ya ndege yule kesho, na yeye bado ananiambia, "Andika tu kwamba asithubutu, usiandike sababu."

Nimemwambia ajiandikie.

Nina hasira naye, nina hasira na wewe uliyezima simu, na nina hasira na mimi mwenyewe zaidi. Niletee habari haraka.

Wifi yako


22 Aprili

Kaka,

Barua hii ni yako, lakini wifi aisome kwanza, maana ndiye mwenye akili katika nyumba hiyo.

Dereva alinikuta langoni nikitoka zamu, Jumamosi asubuhi. Nilisoma mstari wa kwanza tu. Nimekimbia, Kaka. Mimi, na magoti haya, na sare ya kazi, nimekimbia barabara nzima watu wananipisha wakidhani kuna mwanamke anajifungulia sokoni.

Nilipokata kona niliona miguu. Miguu miwili ya Kipara imetokeza chini ya mlango wa kushoto, na redio yake ndogo inaimba.

Sijui nilipiga kelele gani. Alitoka kwa mgongo kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto, akajigonga paji la uso, akaanza kunilaani kabla hajaona ni mimi. "Mama, unataka kuniua?" Nikachukua bisibisi yake, nikaisukuma pale karibu na jeki. Ikaingia mpaka kwenye mpini. Nikaizungusha, unga wa kutu ukamwagika na vipande vya puti na gazeti. Gazeti, Kaka! Walijaza gazeti ndani, wakapaka rangi juu.

Tukarudi nyuma wote wawili. Hatukuligusa. Likatoa mlio, kama mtu anayejinyoosha, halafu jeki ikapenya na gari likakaa chini kwa kishindo kilichowatoa majirani nje. Pale alipokuwa amelaza kifua chake hapakubaki nafasi ya kupitisha sahani.

Alikaa chini ukutani, akaomba maji. Alipoyapata hakuyanywa.

Mimi nilibeba gazeti lile na puti ile kwenye aproni yangu mpaka dukani. Foleni ilikuwa mpaka nje. Nikapita mbele, nikamwaga vyote juu ya kaunta yake safi, nikasema kwa sauti ya wodini, "Nimerudisha dawa uliyoniuzia." Akasema nishushe sauti. Nikaipandisha. Akasema nililinunua nikiwa na macho yangu. Nikamwambia macho ninayo, lakini nani aliyesokota gazeti lile akaliingiza mle? Akamtazama kila mtu ila mimi. Hatimaye akaninong'oneza, "Mama, yaishe. Lirudishe, kila mtu achukue chake."

Na nilitaka, Kaka. Nilikuwa nimefungua mdomo kusema ndiyo. Halafu nikaona atakachofanya. Atasokota gazeti jingine. Atanunua rangi nyingine. Na bwana wa benki, kama yupo, atalipeleka kwa fundi, na fundi atalala chini. Nikamwambia silirudishi. Kutu yote itakatwa, chuma kitachomelewa upya, na gharama ni zake, na asipotaka nitakuja kila siku kwenye foleni hii na aproni yangu. Wateja wakaanza kuuliza ni gazeti gani hilo. Amekubali.

Sasa wewe.

Sijalia. Ulidhani nitalia. Nimeketi na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu yeyote, hata kwa yule Mfamasia, maana yeye ni mgeni kwangu na wewe ni wa tumbo moja. Uliyajua haya. Ulijua kwa mwili wako mwenyewe. Ukaniandikia, "Usiniulize kwa nini." Kama ungeniambia kwa nini, ningelichukua gari lile? Kipara angeingia? Ulificha mkono wako, na kuuficha kukawa ghali kuliko mkono. Leo ningekuwa naenda kumwambia mwanamke mwenye tumbo kubwa kwamba mumewe amekufa kwa sababu kaka yangu hapendi kuonewa huruma.

Sikuonei huruma. Hilo liondoe moyoni kabisa. Nimeona watu wakipoteza zaidi ya mkono na kesho yake wakadai uji wao kwa sauti. Mimi nakudai. Gari limekaa kwenye magogo sasa, Kipara anaogopa kulikaribia, na hakuna mtu mwingine katika nchi hii ninayemjua anayelijua. Nahitaji macho yako. Mikono nitatafuta.

Njoo.

Mkunga


2 Mei

Mkunga,

Huu ni mkono wa kushoto. Ukicheka nitajua.

Mke wangu amenisaliti na ameokoa mtu. Sijui nimfanye nini. Hatuzungumzi. Tunakula.

Unasema ningekuambia. Ningekuambiaje? Kila aliyekuja kunipa pole aliutazama mkono, hakunitazama mimi. Mafundi niliowafundisha mimi walishika kofia kama wako kaburini. Tajiri alitoa vifaa vyangu nje kwenye gunia. Nilitaka abaki mtu mmoja duniani ambaye kwake mimi bado ni Bolti mwenye grisi. Ukawa wewe. Ulipokuwa unanitukana kwenye barua nilikuwa mzima. Sasa umekuja kuuondoa na uzima huo.

Lakini kuhusu Kipara una haki. Nimeisoma sehemu ile ya miguu mara nyingi.

Mwambie asichomelee kiraka juu ya kutu. Akate mpaka akutane na chuma kinacholia. Afunge vyuma viwili vya kushikilia milango kabla hajakata, la sivyo gari litakunjika katikati. Magogo yakae chini ya ekseli, si chini ya mhimili. Upande wa kulia pia umeoza, hata kama sumaku inashika. Aamini ninachosema.

Siji. Siwezi kusimama gerejini nikiwa mtu wa kuelekeza kwa kidole. Usinisubiri.

Bolti

Nimetumia asubuhi nzima kuandika hii. Nusu ya saa hizo nilikuwa natukana.


16 Juni

Wifi,

Najua alikuambia anakwenda kununua soli za viatu, na umejua yuko wapi tangu nilipokutumia ujumbe. Sasa nakuandikia yote vizuri, maana yeye hatakuambia.

Alifika na kibegi kidogo, mkono umetumbukizwa kwenye mfuko wa koti kwenye joto lile. Hakunisalimia. Alipita moja kwa moja mpaka uani, akalizunguka gari, akainama, akatazama mshono wa Kipara, akasema, "Nani amefanya uchafu huu?"

Kipara akasema, "Mimi, mzee."

"Umechomelea au umetapika?"

Nikamwambia akome, yule mtu alikaribia kufa. Akanigeukia, na hapo ndipo tukapeana yote, wifi. Mbele ya majirani. Alinipigia kelele kuhusu simu, nikampigia kelele kuhusu mwaka mzima wa uongo. Akasema mimi ni king'ang'anizi tangu utotoni, nikasema yeye ni mwoga. Neno hilo likamfanya atoe mkono mfukoni kuninyooshea, na kidole hakikuwepo. Tulibaki tukiutazama wote watatu.

Nikaushika. Sikuomba ruhusa. Niligeuza huku na huku kama ninavyofanya kazini, nikamwambia aliyeshona alikuwa na mkono mzuri, ila hapa pembeni panahitaji mafuta na mkewe lazima amechoka kumkumbusha. Akasema, "Amechoka na mengi." Sauti yake ilikuwa ndogo. Halafu akauchomoa mkono wake, akamwambia Kipara alete mashine, yale yote yakatwe upya.

Tangu siku hiyo ni kelele kuanzia asubuhi. Kipara anatukanwa kwa kila mshono, lakini haondoki, na jana nilimsikia akimfokea Kaka naye: "Mzee, shika hapa basi kwa kiwiko, unadhani nina mikono mitatu?" Nikajua mume wako atampiga. Hakumpiga. Alishika kwa kiwiko. Mimi nimekwaruzana nao wote kuhusu breki, kuhusu chakula kupoa, kuhusu oili kwenye taulo zangu. Mfamasia amelipia chuma chote na sasa akiniona barabarani anavuka upande wa pili.

Leo asubuhi kazi ya chini iliisha. Kipara akasema ataingia akague. Kaka akasema hapana. Akakagua magogo moja moja, akayapiga teke. Akasukuma gari kwa bega. Halafu akavua koti, akalala chini, akajivuta kwa kisigino na kiwiko, akaingia.

Wifi, nimesimama kwenye vyumba ambavyo mtoto ametoka bila kulia, na nikajua la kufanya. Leo sikujua. Kipara alinishika mkono wa gauni, akasahau kuuachia. Hatukuona kitu ila soli za viatu vyake. Hakuna sauti. Kisha soli zikaacha kusogea.

Nikasubiri. Nikashindwa. Nikaita, "Kaka!"

Kimya.

"Kaka! Bolti!"

Kutoka chini kule ikaja ile sauti yake ya zamani ya chini ya gari, kali, ya kuudhi, ambayo sijaisikia tangu kabla ya mvua za mwaka jana:

"Nyamaza, niko kazini!"

Wifi yako,
Mkunga